Zoezi la Pili

Mwalimu Edema alisema: chagueni watu wawili
mnaowaona kila siku. Msiwahoji.
Sikilizeni tu juma zima, mwandike
nani msemaji, nani msikilizaji, nini kipo katikati.
Nikanunua daftari pale Arua mjini,
nikachora safu kwa rula,
nikarudi Awindiri, nyumbani, kazini.

Jumatatu.
Mama, kwangu: Mwambie baba yako maji ya kuoga tayari.
(Baba yuko hatua tatu kutoka kwenye beseni.)
Mimi, kwa Baba: Maji tayari.
Baba, kwangu: Mwambie nimesikia.
Mimi, kwa Mama: Amesikia.
Mama: Nimesikia kwamba amesikia.
Ile safu ya katikati niliiacha wazi hadi jioni,
kisha nikaandika jina langu.

Jina langu lenyewe lilikuwa ujumbe.
Siku niliyozaliwa Mama alimjibu mama mkwe
kwa kuniita Candiru, yaani taabu,
na bibi akaipokea barua ile ikilia,
akaiviringisha ndani ya leso,
akaielewa kila herufi.
Hakujibu.

Jumanne.
Baba akikasirika hutumia Kiswahili,
kile cha kambini, alichotoka nacho jeshini
pamoja na blanketi na goti bovu.
Mama hujibu kwa Kilugbara, uso kwenye sufuria.
Lugha mbili zinapishana jikoni
kama pikipiki usiku barabara ya Koboko:
taa zimezimwa, hakuna anayepiga honi.

Jumatano nilihesabu vifuniko.
Kikitua polepole, amechoka.
Kikitua kwa kishindo, ni ada ya mdogo wangu.
Kikiachwa kando, mvuke ukipanda:
kula, usimsubiri mtu.
Baba naye ana kikohozi cha namna tano.
Cha nne sijakielewa,
ila Mama akikisikia hutoka nje
akaanua shati lake kabla ya mvua.

Alhamisi sikuandika kitu.
Nilikumbuka nikiwa na miaka tisa
nimetumwa: Mwambie mama yako ni mjinga.
Kutoka uani hadi jikoni ni hatua kumi na moja.
Nilifika nimebeba:
Baba anauliza kama umekula.
Mama aliacha kupepeta, akanitazama sana,
akasema, mwambie bado, lakini nitakula.
Hilo halina safu.

Ijumaa, ugali wa muhogo,
majani ya kunde na ufuta.
"Mwambie mama yako," Baba akaanza,
na mimi, mdomo mtupu, nikakata tonge kubwa
nikajifungia nalo.
Nikatafuna.
Redio ya jirani ikataja bei ya tumbaku.
Nikatafuna mpaka tonge likawa maji
na sikulimeza.
Baba akasubiri mjumbe wake.
Mama akasubiri.
Kuku akapita katikati yetu, akaokota chembe, akaondoka.

"Chumvi," Baba akasema.

Si kwangu. Hewani, karibu na Mama.
Mama akalitazama bakuli
kana kwamba ndilo lililonena,
akalisukuma kwa vidole viwili
juu ya mkeka, taratibu,
kama mtu anayevusha yai.

Niliandika: neno moja, baada ya miaka minne.
Mwalimu alinipa kumi na mbili juu ya ishirini.
Pembeni, wino mwekundu:
Sampuli ndogo mno. Hitimisho liko wapi?

Jana, daftari limeshafungwa,
Mama alitenga chakula, akaiweka chumvi
mbele kabisa ya Baba,
bakuli limegusana na sahani yake.
Baba aliliona. Nilimwona akiliona.
Akakohoa, kile cha nne.
"Chumvi," akasema,
na Mama akanyoosha mkono,
akaliinua bakuli,
akalirudisha palepale.