Jicho la Bunduki

Jumamosi, nje ya Moose Jaw, baridi ya kupasua midomo.
Bunduki ya rangi ya Taras yakohoa mara moja,
kisha kimya. Mara moja, kisha kimya.
"Imekufa," anasema.
Haijafa, namwambia, imenuna.

Nabadilisha betri, maana baridi huzinyonya.
Taa yawaka kijani. Nabonyeza kifyatulio:
tk. Kimya.

Natoa mtungi wa hewa kwanza
(niliwahi kusahau, na ukucha huu
haujarudi sawasawa).
Mpira wa duara, mwembamba kama pete ya mwanasesere,
naupaka mafuta, naurudisha. Mvujo wakoma.
Bado.

Filimbi ya mwamuzi. Vijana wa Regina
wameshavaa barakoa, wanatuchungulia.

Ndipo nafungua vifuniko vya macho,
mawili, yanayotazamana kooni mwa bunduki,
moja likitoa mwanga, jingine likiupokea.
Rangi ya waridi imegandia hapo tangu Agosti,
siku Taras na kaka yake Bohdan
walipocheza upande mmoja,
kabla ya maneno yale ya shamba la baba yao.

Kumbe haikuharibika.
Kila ikipiga, yangoja kuona pengo
ndipo iamini tufe jipya,
na pengo hailioni.

Nachukua pamba, naitia mate.
"Subiri," asema Taras. Kwa nini, hasemi.
Nafuta.

Tk-tk-tk-tk-tk, kunguru wa relini waruka wote.

Hanishukuru.
Ananyoosha mkono, anaomba ile pamba.