Kiberiti Kisicho na Njiti

Injini ya zamani ilifia Unduavi, kwenye kona,
konrodi ikatoboa ubavu wa bloku
na kuchungulia nje kama mfupa.
Machungwa magunia arobaini yalioza yakiniangalia.

Alhamisi, soko la El Alto, baridi ya kung'oa meno.
Doña Eduviges ametandika injini juu ya turubai
kama anayepanga viazi, fungu hili, fungu lile.
"Hii ya kabureta. Hii ya injekta.
Bloku ileile, mama mmoja, baba mmoja,
wamelelewa mbalimbali tu."

Kaka yangu Zenón ameshapiga magoti mbele ya injekta.
"Hii inapima hewa yenyewe, dada.
Huku juu inakunywa kidogo, kule chini inaongeza,
wala huiambii kitu."
"Na ikinuna?"
"Ikinuna, taa inawaka."
"Na taa ikiwaka?"
Akajifuta pua.

Kabureta naijua. Naijua kwa ulimi.
Baba alikuwa na kiberiti kisicho na njiti,
ndani yake jeti moja ya shaba, ndogo kuliko punje ya mahindi;
mwenziwe alikuwa kazini.
Ya tundu pana ni ya Caranavi,
ambako hewa ni nzito, unaweza kuitafuna.
Ya tundu jembamba ni ya kwetu, mita elfu nne,
ambako hata pumzi ni ya kuazima.
Asiyebadilisha hupanda akifuka moshi mweusi,
na petroli inaishia angani.

Tulibadilisha pale La Cumbre, kila safari.
Upepo unakata masikio, boneti iko juu, mimi nashika tochi.
Anapuliza tundu, anatema,
halafu, bisibisi ikiwa kati ya meno, anasema sentensi moja.
Moja tu. Nyumbani hakusema kitu.
"Mama yako alimpenda mwingine kabla yangu."
Safari nyingine: "Deni la lori limekwisha, usimwambie mtu."
Nyingine: "Rufo yule, hapana."
Kisha boneti, pa! na barabara.

Mchagua jembe si mkulima, wanasema.
Waje wapandishe machungwa mita elfu nne kabla hayajaoza
halafu waniambie nisichague.
Kabureta ikiziba, naizibua kwa unyoya wa ufagio.
Ile nyingine ina pampu ndani ya tangi,
ina kompyuta chini ya kiti, ina nyaya thelathini na kitu,
na ikizimika Unduavi nitamwita nani? Mawingu?
Lakini nimepiga hesabu ya petroli nyuma ya risiti,
nikaipiga tena,
na namba haina huruma kwa marehemu.

Nikalipa ya injekta.

Zenón aliunga nyaya usiku wa siku nne, rangi kwa rangi.
Waya mmoja wa kahawia ulibaki.
Tuliutafutia kwao, haukuwa na kwao,
tukauviringisha utepe mweusi, tukanyamaza.

Safari ya kwanza ya kupanda: hakuna moshi,
hakuna kikohozi. Lori linapanda kama lina jambo la kuwahi.
Nilipofika La Cumbre mguu wangu ukakanyaga breki.
Yoselin akaamka. "Mama, kuna nini?"
"Hakuna kitu."
"Basi mbona tumesimama?"

Nilishuka. Nilifungua boneti.
Plastiki, mipira, sensa zikiwa na kofia zake safi;
hakuna pa kuingiza bisibisi.
Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu.
Nilitafuta sentensi, maana zamu ilikuwa yangu sasa,
nikapata habari za mafuta, habari za baridi.

Binti yangu alikuja akasimama kwenye taa,
akimenya chungwa, maganda akitia mfukoni.
Bila kunitazama akasema:
"Niliacha shule tangu Machi."

Injini ikaendelea kunguruma vilevile,
ikipima hewa.