Kifungu cha Nne

Sisi ni kumi na mmoja, na projekta moja.
Tuliinunua mkono wa pili, Mbeya mjini,
nikarudi nayo Tukuyu nimeipakata
kama mtoto wa siku saba,
mvua ikipiga kioo, nami nikiomba
kwenye kila tuta: polepole, dereva, polepole.

Chama chetu kina jina refu kuliko akiba yake:
Umoja wa Walimu Wapenda Teknolojia ya Kufundishia.
Kina katiba ya kurasa sita,
mhuri wa mpira uliokosewa herufi,
na daftari hili, ambalo ni langu
kwa kuwa mimi ndiye mweka hazina
na kwa kuwa hakuna mwingine aliyelitaka.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunakutana
darasa la tatu, kwenye madawati ya watoto,
magoti yakikaribia videvu.
Tusajigwe huleta ndizi za kuchemsha.
Mwasomola huleta lawama:
"Kompyuta za msaada zimefungiwa stoo,
ufunguo anao mwalimu mkuu,
mwalimu mkuu yuko semina,
na semina inahusu kompyuta."
Tunacheka. Kisha tunanyamaza,
maana watoto wake sabini na wanane
wamechora kibodi kwa mkaa juu ya maboksi
na huchapa majina yao
yasiyoonekana popote.

Ambindwile alihamishwa mwezi Machi
kwenda Katavi, ambako jua halina adabu.
Ndiye aliyetufundisha kurekodi somo kwa simu:
alisimama kando ya mgomba,
Mlima Rungwe nyuma yake umejifunika gubigubi,
akasema, "Watoto, mlima huu uliwahi kutema moto,"
na jogoo wa jirani akawika
katikati ya neno moto.
Hatukumfuta. Kadi ile imezunguka shule tisa.
Watoto wa Kiwira, watoto wa Masoko,
wakifika hapo huwika naye,
ndipo hushika kalamu.

Tukamkata jina. Kifungu cha nne kiko wazi:
mwanachama ni mwalimu wa wilaya hii.
Nilitumia rula.

Tarehe thelathini Aprili, usiku, simu ikatetemeka:
umepokea shilingi elfu mbili.
Mei, vilevile.
Juni ikaja elfu moja,
Julai elfu tatu, bila neno la maelezo,
kama mtu ajuaye hesabu
na asiyependa kuomba radhi.

Nikalipeleka jambo kikaoni.
Mwasomola akasema zirudishwe, katiba ni katiba.
Tusajigwe akauliza, na makato ya kuzirudisha
atalipa nani?
Mzozo ukala saa nzima, chai ikapoa,
ukungu ukaingia mlangoni bila hodi
ukakaa dawati la nyuma.
Mwisho nikampigia mbele ya wote,
simu juu ya meza, sauti nje.
Mtandao ulikuwa wa kudokoa:
tulisikia upepo, mbuzi, kisha yeye.
Hakuuliza mapato wala mwenyekiti mpya.
Aliuliza,
"Jogoo bado anasikika?"

Kimya.
Mwasomola, yule yule wa katiba,
akasimama, akafunga kifungo cha koti,
akasafisha koo,
akawika.

Kifungu cha nne hakijarekebishwa.
Kurekebisha kunataka theluthi mbili,
barua kwa msajili,
na barua inataka nauli.
Ila chini ya ule mstari wa rula
nimeliandika jina upya, kwa wino,
na pale panapodai kituo cha kazi
nimejaza: kwenye kadi.