Sentimita Tisa

Hospitali ya Kitete, chumba cha mwisho kabla ya kufulia mashuka,
Nyanzala aliniketisha sakafuni, miguu imenyooka,
nyayo zimegota kwenye sanduku la mbao.
"Inama, Baba Mihayo. Fika unapofika."
Nikafika juu ya vifundo, nikakwama
kama kiberenge kilichoishiwa mafuta Igalula.
Akapima kwa rula ya shule
yenye jina la mwanawe kwa kalamu nyekundu:
vidole vimepungukiwa sentimita tisa.

Miaka ishirini na miwili nimekaza nati za reli hii.
Mguu wa kushoto ulianza kuwaka nyuma ya paja,
moto mwembamba, wa uzi,
ukishuka kama abiria aliyekata tiketi ya mbali.
Genge zima lilikuwa na dawa:
vuta, Baba, weka kisigino juu ya tofali,
vuta mpaka nyama ilie.
Nikavuta. Nyama haikulia. Nililia mimi.

"Si nyama," alisema Nyanzala. "Ni mshipa wa fahamu.
Unatoka kiunoni, mnene kama kidole chako,
unashuka, na juu kidogo ya goti unagawanyika."
Nikamwambia hayo nayajua:
hapa Tabora pia njia hugawanyika,
moja Mwanza, moja Kigoma,
na kosa la hapa husikika Uvinza.
Akacheka. Akasema basi tutaelewana.

Akanionyesha kwa uzi wa kaptula yangu:
ukivuta ncha hii, ile inaingia;
ukivuta zote mbili, umejinyonga kiuno.
"Kwa hiyo usivute. Telezesha.
Goti likinyooka, tazama dari.
Goti likikunjika, kidevu kifuani.
Polepole, kama unayemwitikia mwongo."

Kumi na tano. Pumzika. Kumi na tano.
Rula ikarudi: sentimita nne.
Nilitaka kupiga vigelegele. Akaniwekea kiganja:
"Kesho asubuhi zitakuwa saba. Usininunie.
Mwili hauamini habari njema kwa siku moja."

Kesho asubuhi zilikuwa saba.

Nikaifanya kazi hiyo juu ya kokoto, saa ya uji,
nimekaa ukingoni mwa kiberenge,
teke, mawingu, kunja, kifua,
vijana wakiuliza kama nahesabu kunguru.
Lakini sisi tunaolaza reli tunajua:
chuma huachiwa mwanya mwishoni, upana wa kucha,
kiende na jua, kirudi na usiku.
Ukikibana pande zote, Oktoba kitajipinda
na treni itakuja kukuuliza.

Wiki ya sita. Simdanganyi mtu:
spana ina uzito uleule,
na kiberenge kikiondoka vijana bado wananitangulia kukidandia.
Ila nachuchumaa kwenye nati na kuinuka
bila kumtaja marehemu mama.
Rula inasema mbili, siku nyingine moja,
na siku za mvua inanikumbusha nisijisifu.

Nyumbani Ipuli kuna jambo halikuandikwa kwenye faili.
Miaka miwili Kashindye amenikata kucha za miguu,
Jumapili, baada ya chai,
kisigino changu kwenye khanga mapajani pake.
Yeye alizaliwa miguu ikitangulia, ndiyo maana ya jina lake,
na husema dunia aliianza kwa unyayo,
hashangai kuimalizia kwenye unyayo wangu.

Jana, mlango umefungwa, nilijaribu na wembe.
Gumba. Cha pili. Cha tatu.
Nikagusa vyote vitano, hadi kile kidogo kilichojificha.
Sikukata hata kimoja.
Nilikaa tu, wembe kiganjani,
jua likihama sakafuni.

Leo amekuja na beseni.
Nimeinama mbele yake, nikakata, nikahema kwa sauti.
"Vinne nimeviweza," nikamwambia.
"Hicho cha mwisho, mke wangu,
bado sentimita tisa."