Mtu Yeyote

Saa kumi na moja na nusu, Menengai bado imejifunika,
nafungua mahakama namba mbili
kwa ufunguo uliofungwa uzi wa sweta.
Vumbi la Nakuru halina adabu:
hupita chini ya mlango, hupanda ngazi,
hukalia kiti cha hakimu kabla ya hakimu,
na mimi ndiye ninayelihukumu.

Wiki nzima redio ya Chelagat imekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
Huko Nairobi wanamsaka Jaji Mkuu mpya.
Tume imeketi kama wakwe siku ya mahari,
inapekua: kodi ulilipa?
Hukumu ile ya shamba, uliiandika ukiwa macho?
Na jirani yako, mbona analia juu ya ua?
Mtu mzima, profesa, akaomba maji.
Chelagat alicheka hadi kitambaa kikamdondoka.
"Hata sisi tulisailiwa," akasema.
Kweli. Gathecha wa kampuni aliniuliza mawili:
mgongo ni mzima? simu unayo?

Litatoka jina moja, si matatu.
Litakwenda Bungeni, likubaliwe au lirudi,
Rais amteue, naye aape.
Miaka kumi, haiongezwi hata siku;
au umri wa sabini, litakalotangulia.
Mkataba wangu ni wa miezi mitatu
na sabini haimo popote.

Saa nne, kwenye chai, nikamuuliza Wafubwa wa masijala,
kijana wa Webuye anayesomea sheria usiku:
na akiharibika? Huyo mkubwa, nani humtoa?
Nilijua atasema Rais.
Moraa, Gathecha alimtoa kwa simu.
Alikuwa amepiga magoti ngazini, sabuni mkononi.
Simu ikalia. Akasikiliza. Akasimama, akaenda.
Sabuni ilikauka palepale, nikaja kuikwangua kwa kisu.

Wafubwa akapangusa vidole,
akafungua Katiba yenye jalada la gazeti.
"Rais hamtoi hivi hivi.
Ombi huenda kwa Tume. Tume hulipima.
Likiwa na uzito, humfikia Rais,
naye ana siku kumi na nne: amsimamishe, aunde jopo.
Spika mbele, majaji watatu, wakili mkongwe, wengine wawili.
Wamsikilize. Ajitetee, nusu mshahara mfukoni.
Wakisema aende, bado ana siku kumi za kukata rufaa."

Nikaona safari ndefu, yenye vituo na maji ya kunywa.
Si wivu. Labda ni wivu.
"Na hilo ombi la kwanza, huandikwa na nani?"
Akaweka kidole juu ya mstari kama amembana chawa.
"Tume yenyewe. Au mtu yeyote."
"Yeyote yupi?"
"Yeyote, mama."

Nimelibeba neno hilo siku tano,
Rhonda hadi mahakamani, mahakamani hadi Rhonda.
Kwetu si neno zuri.
Jioni huwaambia wanangu: msimfungulie mtu yeyote.
Kumbe lipo kwenye kitabu kikubwa,
limekaa karibu na Rais, karibu na Spika,
halijavaa joho, halikuombwa kitambulisho.

Sina shauri na Jaji Mkuu.
Hata jina bado hawajalitaja, na huenda akawa mwema.
Kiti cha hapa nimekifuta leo kama kawaida,
mikono ya kiti kwanza, kisha mgongo,
kisha pale chini wasipotazama.

Ila Moraa hana Tume.
Nilimwambia Wafubwa hivyo, kwa hasira, kana kwamba ni yeye aliyepiga simu.
Akanyamaza. Akasema ipo mahakama ya wafanyakazi,
hapa hapa Nakuru,
na karatasi ya kwanza huandikwa vilevile, kwa mkono wa mwenye jambo.

Jumamosi Moraa alikuja na mtoto mgongoni.
Chelagat alizima redio.
Tukaanza na tarehe,
tukabishana kama ilikuwa Jumanne.