Mizani

Mimi hupima.
Ndiyo kazi yangu Marikiti, meza ya tatu ukiingilia upande wa kuku:
bizari nyembamba kwa robo, iliki kwa wakia,
zafarani kwa kijiwe kidogo kuliko ukucha.
Kungumanga simuuzii mtu mmoja nyingi.
Moja kwenye pilau ni harufu;
tano kwa mkupuo, utazungumza na mwiko.

Basi daktari wa Port Reitz aliponiuliza,
"Kaka yako alikuwa akivuta kiasi gani?"
niliitazama mikono yangu
kana kwamba ni ya mtu mwingine.
Sikujua.
Hiyo sikuwahi kuipima.

Shebe alikuwa akifunga minyororo ya makontena Kilindini.
Usiku mmoja waya wa winchi ulikatika,
na Nyawa, aliyekuwa amenyoosha mkono kuomba kiberiti,
hakuwahi kukipokea.
Shebe alirudi nacho nyumbani.

Tangu hapo usingizi ukamhama.
Alilala macho wazi akihesabu boriti.
Mama alimnywesha kombe la zafarani, zafarani yangu;
tembe za duka la dawa zikamlaza mchana kama gunia,
usiku zikamwachia.
Aliyemletea msokoto ni Kazungu, mwenzake wa zamu,
aliyeuona ule mwili naye.

Na Shebe akalala.
Nasema kweli, siipunguzi ili mzani ukae nitakavyo:
alilala.
Asubuhi akaomba mahamri sita,
akamtania mama juu ya miwani yake iliyofungwa uzi,
nami nikaenda uani nikalia kwa raha.
Kikoi chake nilikinusa. Nikajua. Nikanyamaza.
Ningemkemea kwa lipi? Kwa kupona?

Miezi minne.
Kisha redio ya jirani ikaanza kumtaja jina.
Kisha redio iliyozimwa.
Kisha akazing'oa nyuzi zote za cherehani ya mama,
ati zinasikiliza.

Msokoto mmoja, vichwa viwili.
Kazungu yuko kazini mpaka leo,
huvuta Ijumaa kwa Ijumaa, hulala, husomesha watoto.
Polisi walimshika mara moja, karo ya muhula ikapotelea huko.
Lakini usiku hasikii kitu ila mvua.

"Katika ukoo wenu," daktari akauliza, "kuna mwingine aliyewahi..."
Mama akatazama sakafu.
Nami nikauona mlango wa chumba cha nyuma,
komeo lake kwa nje,
na sahani ya shangazi Mwanasiti ikisukumwa chini.
Ana jini, tuliambiwa. Msimseme.
Hatukumsema.
Hata kwa Shebe, aliyerithi pua yake.

Daktari hakulilaani jani.
Alisema wapo wanaolipatia usingizi,
wapo wanaopunguziwa maumivu,
na huko ng'ambo watu hupewa uyoga
chumbani, kitandani, mtu ameketi karibu nao kutwa;
wengine huamka wamekilia kilio cha miaka ishirini
na kimekwisha.
Wengine hawapati kitu. Wengine huogopa sana.
"Bado wanapima," alisema.
Nikalipenda hilo neno.

"Na mtu kama Shebe?"
"Mtu kama Shebe hawampokei.
Mlangoni kwanza wanauliza habari za shangazi."

Sasa anameza kidonge saa mbili usiku.
Kinamnenepesha, kinamtetemesha vidole,
mahamri anakula mawili tu, bila mzaha.
Ila redio ni redio.

Jana alikuja mezani, akalichukua jiwe la mzani,
akalikalisha kiganjani kitambo.
"Hili lina uzito gani?"
Nikamwambia.
"Na shangazi Mwanasiti, yeye alikuwa akisikia nini?"

Mteja alikuwa akingoja iliki yake.
Nikamwomba asubiri.
Nikamvutia kaka yangu kigoda,
nikaanza tangu mwanzo,
kwa jiwe zima.