Samaki wa Namba

Kirumba, saa nne usiku, umeme umerudi.
Namtengenezea Nyanzala ubao wa bei kwenye simu.
Nimeandika moja, F, nne, moja, F,
nikangoja samaki.
Kikaja kisanduku kitupu,
kama tenga la alfajiri ziwa likichafuka.

Kosa langu: nilimpimia debe dogo.
Namba yake haienei humo,
hugawanywa ikawa Kulwa na Doto,
na mmoja peke yake hasomeki.
Nikabadili amri: fromCodePoint.
Akaibuka kiooni, bluu, jicho wazi.

Nyanzala akainama, viganja vinanuka dagaa.
"Huyu sato au sangara?"
Samaki tu, nikamwambia.
"Basi nitafutie namba ya dagaa.
Samaki tu
mimi siuzi."